CD4 600, halafu?

Inauma kusikia mtu mwenye VVU anatoka CTC, kliniki ya VVU, ameambiwa "CD4 zako 600, uko vizuri", na mazungumzo yakaishia hapo. CD4 ni seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, na mia sita ni habari njema, sikatai. Lakini kwenye maabara kubwa, mashine nyingi zinaweza kuhesabu na CD8, seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, kwenye damu ileile, kisha karatasi ya majibu inarudi na CD4 tu.

Chukua watu wawili, wote wana CD4 600. Wa kwanza ana CD8 500. Gawanya CD4 kwa CD8, uwiano unakuwa 1.2. Wa pili ana CD8 1,500; unapata 0.4. Kwa asiye na VVU, uwiano huu kwa kawaida huwa juu ya 1. Huyo wa pili, hata kama virusi vyake havionekani kwenye kipimo, kinga yake bado imechemka: CD8 zilizopanda kupambana na VVU hazijashuka, na mara nyingi kirusi kingine, CMV, huzidi kuzichochea. Uwiano wa chini umeonekana kuambatana na maradhi ya moyo, saratani na vifo, hata kwa watu ambao CD4 zao zimevuka 500. Mtu huyu anastahili kuambiwa!

Asibadilishiwe dawa kwa sababu hiyo. Hakuna kidonge cha kupandisha uwiano, na anayewauzia wagonjwa unga wa "kusawazisha kinga" anawaibia. Apimwe presha, sukari, mafuta na figo. Aache sigara. Mwanamke afanyiwe uchunguzi wa mlango wa kizazi kuanzia miaka 25. Na aliye nje ya dawa aanze leo, maana anayeanza mapema ndiye uwiano wake hupanda vizuri zaidi.

Wahudumu nao: chupa ya damu ya kipimo hiki, yenye kifuniko cha zambarau, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, la sivyo damu inaganda na hesabu inaharibika. Isiwekwe kwenye friji.

Nakubali, zahanati yenye kipimo kinachoonyesha tu CD4 juu au chini ya 200 haiwezi kutoa uwiano, na kwa anayeanza dawa kipimo hicho huokoa maisha, kwa kuwa chini ya 200 lazima TB na kriptokoka (fangasi wanaoshambulia ubongo) zitafutwe. Wingi wa virusi nao unabaki kipimo cha kwanza. Ila pale ambapo CD8 imeshahesabiwa, iandikwe kwenye majibu, na mgonjwa aiulize.