Asilimia 90 ya Wanafunzi Gani?

Kijana wa Marekani anayetaka udaktari kwa kawaida haendi shule ya tiba moja kwa moja kutoka sekondari. Husoma kwanza shahada ya miaka minne katika fani yoyote, mradi akamilishe masomo ya baiolojia, kemia na fizikia yanayotakiwa, kisha hufanya MCAT, mtihani wa kuingilia shule za tiba, na kuomba nafasi. Kwa hiyo familia nyingi hulazimika kuamua mapema: akubali chuo kikuu chenye jina kubwa, au aende chuo cha jimbo lake, au chuo kidogo kisichovuma kilichomwahidi ufadhili?

Wanaotetea jina kubwa wana hoja. Vyuo vikuu vya utafiti vina maabara nyingi, vingine vina hospitali zao, na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuanza kushiriki utafiti mapema. Vilivyo tajiri sana huweza hata kuwa nafuu kuliko chuo cha jimbo: mwaka 2025 Harvard ilitangaza kwamba familia zenye kipato cha dola 200,000 kwa mwaka au pungufu hazitalipa ada ya masomo. Anayepata nafasi kama hiyo aichukue.

Walio wengi, hata hivyo, hawavutwi na maabara wala na ruzuku, bali na takwimu moja: kwamba asilimia 90 ya wahitimu wa chuo fulani wanaoomba shule za tiba hukubaliwa. Ukiilinganisha na hali ya nchi nzima, takwimu hiyo inashtua, kwa sababu mwaka 2023 waombaji walizidi 52,000 na walioanza masomo ya udaktari walikuwa takriban 23,000, yaani chini ya nusu. Mzazi akiiona huamini kwamba chuo ndicho kilichomfikisha mwanafunzi huko. Lakini ni asilimia 90 ya wanafunzi gani? Tuseme vijana 300 wanaingia mwaka wa kwanza wakiwa na nia ya udaktari. Kemia ya mwaka wa kwanza inawaondoa wengi, kemia ogania (kemia ya michanganyiko ya kaboni) inawaondoa wengine, na wanaofika hatua ya kuomba ni 60, ambao kati yao 54 wanakubaliwa. Chuo kitatangaza asilimia 90, na hakitakuwa kimesema uongo, ingawa kwa wale 300 walioingia na ndoto hiyo ni asilimia 18 tu. Zaidi ya hapo, katika baadhi ya vyuo kamati ya washauri ndiyo inayoandika barua ya pamoja ya mapendekezo, na mwanafunzi mwenye alama dhaifu huweza kunyimwa barua hiyo au kushauriwa asiombe. Anayekatishwa tamaa kabla ya kuomba hahesabiwi popote, na ni huyo hasa ambaye mzazi alipaswa kumuulizia.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya namna alama zinavyohesabiwa. Mfumo wa maombi unaotumiwa na shule nyingi za tiba hujumlisha alama za kila somo, likiwemo lile lililorudiwa, na hutenga wastani wa pekee kwa baiolojia, kemia, fizikia na hisabati. Wanaopokelewa huwa na wastani wa jumla unaokaribia 3.8 kati ya 4, na hesabu hiyo haiongezi chochote kwa ajili ya jina la chuo. Princeton, kimojawapo cha vyuo vyenye jina kubwa, kuanzia 2004 hadi 2014 ilikuwa na sera ya kutaka alama za A zisizidi asilimia 35 katika kila idara. Kijana aliyepata B pale aliomba nafasi pamoja na mwenzake aliyepata A kwingine. Wapo maofisa wa udahili wa shule za tiba wanaozingatia ugumu wa chuo, lakini ni hatari kuujenga mpango mzima juu ya tumaini hilo.

Kwa upande wa pili, Chuo Kikuu cha Xavier cha New Orleans, chuo kidogo cha Kikatoliki kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, kwa miongo kadhaa kimekuwa miongoni mwa vyuo vinavyopeleka wahitimu Weusi wengi zaidi katika shule za tiba. Wanafunzi wake husoma kwa vikundi na washauri humfuatilia kila mmoja, badala ya kusubiri mtihani uwachuje.

Kisha kuna deni. Chini ya sheria iliyosainiwa Julai 2025, mwanafunzi mpya wa udaktari kuanzia Julai 2026 hawezi kukopa serikali kuu zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla, ilhali ada pekee katika shule nyingi binafsi za tiba huzidi dola 60,000 kwa mwaka. Akiba ya familia ikimalizwa na shahada ya kwanza, pengo hilo litazibwa na mikopo ya benki.

Hoja ngumu kuliko zote dhidi ya msimamo wangu wa kutofuata jina la chuo ni ya kijana asiye na uhakika, kwani wengi hubadili nia kabla ya mwaka wa tatu, na katika kazi nyingine jina la chuo huenda likamfaa zaidi. Kwake mizani inaweza kuelemea kwenye jina kubwa. Kwa yule aliyedhamiria, ningeuliza kila chuo maswali matatu kabla ya kulipa chochote: waliingia wangapi wakiutaka udaktari, waliomba wangapi, na ni nani aliyenyimwa barua ya kamati?