Lumumba hakuwa mkomunisti

Jumapili mpwa wangu wa kidato cha sita alinipa daftari lake la historia nimsikilize akikariri. Tukafika kwenye Vita Baridi. Rais Truman wa Marekani, Machi 1947, sera yake ya kuuzuia ukomunisti usienee, dola milioni 400 za Ugiriki na Uturuki, yote ameyashika. Kisha akatamka mstari mmoja ulionakiliwa ubaoni: Marekani iliiokoa Kongo isiangukie mikononi mwa mkomunisti Patrice Lumumba. Nikamwambia arudie. Akarudia. "Mjomba, kwani sivyo?"

Sivyo. Na tangu siku hiyo jambo hili limenikaa kooni.

Kongo ilipata uhuru kutoka kwa Wabelgiji tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari wakaasi, na tarehe 11 Julai Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akaitenga Katanga pamoja na shaba yake, jeshi la Ubelgiji likiwa nyuma yake. Waziri mkuu Lumumba alikimbilia wapi? Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa Julai akaenda mwenyewe Washington. Eisenhower hakuonana naye; alipokewa na waziri wa mambo ya nje, Christian Herter, akarudi mikono mitupu. Umoja wa Mataifa ulipeleka askari lakini haukutaka kutumia nguvu kuirudisha Katanga. Ndipo akapokea ndege na malori ya Warusi. Nyumba yako ikiungua na jirani wa kwanza akakufungia mlango, utabisha kwa wa pili. Kuomba ndoo ya maji si kubadili dini.

Lumumba alisema mara nyingi kwamba yeye si mkomunisti na kwamba Kongo haitaki upande. Hapo ndipo sera ile ya kuuzuia ukomunisti ilipokuwa na upofu wake: asiye na upande hakuwa na pa kukaa. Tarehe 26 Agosti, uhuru haujatimiza hata miezi 2, mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Allen Dulles, alituma telegramu Leopoldville, Kinshasa ya leo, kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la kwanza na la haraka. Septemba mkemia wao, Sidney Gottlieb, akafika na sumu. Haya si maneno ya kijiweni. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyaanika mwaka 1975. Sumu haikutumika. Mobutu, kanali wa jeshi, alitwaa madaraka kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akapigwa risasi Katanga pamoja na wenzake Mpolo na Okito, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Mwili ulikatwakatwa, ukayeyushwa kwa tindikali. Kilichorudi kwa watoto wake, Juni 2022, ni jino. Jino moja, baada ya miaka 61.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Ulaya mambo yalikuwa mengine. Mpango wa Marshall, misaada ya Marekani baada ya vita, uliwainua watu waliokuwa na njaa, na aliyeona vifaru vikiingia Budapest, Hungaria, mwaka 1956 alikuwa na haki ya kuwaogopa Warusi. Hata George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani aliyeiasisi fikra yenyewe ya kuzuia, alikuja kulalamika kwamba yeye alikusudia zaidi siasa, wenzake wakaigeuza ya bunduki. Lakini Kongo haikuwa Budapest.

Mimi nimekulia Kigoma. Wazee wetu husimulia mwaka 1965, mwanamapinduzi Che Guevara alipovuka ziwa kuingia Kongo na Wacuba wake akijiita Tatu, kwa Kiswahili hichihichi. Ninachokumbuka mwenyewe ni 1996: mashua zimejaa wakimbizi wa Kongo, akina mama wanashuka wakiuliza maji yako wapi kwa Kiswahili chao cha Uvira na Fizi. Mobutu, aliyetwaa madaraka tena mwaka 1965, alikuwa ametawala tangu hapo. Nixon, Reagan na Bush wote walimpokea Ikulu yao kwa sababu alikuwa ukuta wao dhidi ya Warusi, na nyuma ya ukuta huo nchi ililiwa mpaka likabaki ganda. Mama mmoja alilala kwetu siku kadhaa na wanawe wawili kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Asubuhi alikuwa akitwanga sombe na mama yangu, bila kusema neno. Sera hii kwangu ina sura, na sura yake ni ile.

Mpwa wangu akaniuliza aandike nini kama mtihani utataka jibu la ubaoni. Nikamwambia aandike tarehe zote, kwa mfuatano wake, kuanzia 30 Juni. Lile neno "mkomunisti" amelikata mwenyewe kwa kalamu nyekundu.