Kofia Ngumu Si ya Bodaboda Peke Yake

Mjomba wangu alikuwa akichuuza samaki kwa baiskeli kutoka Mikindani hadi vijiji vya bara, tenga likiwa limefungwa kwa mpira kwenye keria. Alfajiri moja, akishuka mteremko, gurudumu la mbele liliingia shimoni, akarushwa juu ya usukani na kuangukia upande wa kichwa. Hapakuwa na gari, wala mwendo wake haukuwa wa kutisha. Mkono uliovunjika ulipona; kumbukumbu haikurudi kama ilivyokuwa, na mpaka leo huuliza tena na tena habari aliyokwisha kuambiwa. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kofia ngumu ni mambo ya bodaboda.

Ubongo ni laini na umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Fuvu linapogonga lami na kusimama ghafla, ubongo huendelea na mwendo wake mpaka ugonge fuvu kwa ndani, na hapo mishipa huweza kupasuka na damu kuvuja mahali isipo na njia ya kutokea. Kinachofanya kazi katika kofia ya baiskeli ni hasa lile povu gumu jeupe la ndani, la jamii ya linalozungushiwa televisheni mpya katika boksi, ambalo hubonyea na kukipa kichwa muda zaidi wa kusimama, japo ni sehemu ndogo mno ya sekunde, huku pigo likisambaa badala ya kutua mahali pamoja. Povu likishabonyea halirudi, kwa hiyo kofia iliyokwisha kupata ajali haifai tena, na anayenunua ya mtumba aikague nyufa kwa makini.

Mwaka 2016 watafiti Jake Olivier na Prudence Creighton wa Australia walijumlisha tafiti zilizohusu waendesha baiskeli majeruhi zaidi ya 64,000, wakaona kwamba kofia ilipunguza uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa kwa asilimia 69. Sidai kwamba kofia humwokoa mtu aliyegongwa na lori la korosho lililo kasi, kwa maana kofia hizi hupimwa kwa maanguko ya takriban mita moja na nusu. Lakini anguko la mjomba lilikuwa la kimo hichohicho.

Kofia ikae sawa juu ya paji la uso, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe chini ya kidevu, kwani isiyofungwa hutangulia kuruka.

Fedha za korosho zinapotoka, wazazi wengi huwanunulia watoto baiskeli za kwendea sekondari, na muuza spea huongezewa oda ya pampu na kufuli. Naomba siku hiyohiyo aulizwe na kofia, hata kama dukani hana, ili ajue wateja wapo.