Wanawake kwenye Wikipedia: tunaandikisha wengi, wanabaki wangapi?

Kila ifikapo Machi, tangazo la aina moja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi, asasi za vijana na waandishi wa habari. Wanatafutwa watu wa kujitolea kuandika makala za Wikipedia kuhusu wanawake. Uzoefu si lazima, njoo na kompyuta yako, bando lipo, cheti utapata. Jioni waandaaji wanahesabu makala mpya, wanapiga picha ya pamoja, watu wanarudi makwao na fulana.

Waandaaji wanasema bila siku kama hizo wanawake wengi wa kwetu wasingekuwa na hata mstari mmoja mtandaoni. Wahariri wakongwe, wengi wao wasioalikwa, wanalalamika kwamba wanaachiwa uchafu wa kufagia. Nimesikiliza pande zote mbili na kila upande una haki yake. Ila ubishi wao unahusu siku ile ya warsha tu, na jambo lenyewe linaamuliwa katika miezi sita inayofuata.

Pengo lipo, hilo halina mjadala. Mwaka 2011 Sue Gardner, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, aliweka lengo kwamba ifikapo 2015 wanawake wawe robo ya wahariri. Wakati huo utafiti ulionyesha hawafiki asilimia 13. Mwaka 2015 ulifika na ukapita, na lengo halikutimia. Upande wa makala hali ni afadhali kidogo. Mwaka 2014, katika kila makala 100 za wasifu kwenye Wikipedia ya Kiingereza, kama 15 hivi zilihusu wanawake. Mwaka uliofuata Roger Bamkin na Rosie Stephenson-Goodknight wakaanzisha Women in Red, mradi uliochukua jina kutoka kwenye viungo vyekundu, yaani majina yanayotajwa ndani ya makala lakini hayana ukurasa wake. Leo ni kama 20 katika kila 100.

Tano tu kwa miaka kumi? Anayeuliza hivyo akumbuke kwanza kwamba makala za wanaume nazo hazikusimama kuongezeka. Kusogeza asilimia moja kwenye kamusi elezo yenye wasifu wa watu zaidi ya milioni mbili ni kazi ya maelfu ya makala, na kazi hiyo imefanywa na watu wasiolipwa. Kwa kipimo hicho, uandikishaji wa watu wa kujitolea umezaa matunda, na anayesema ni kupoteza muda ana deni la kutuonyesha njia nyingine iliyozaa zaidi.

Tena macho mengi yanahitajika kwa sababu macho machache hukosea kwa namna inayojirudia. Oktoba 2018 Donna Strickland wa Canada alitangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu tu kuipata katika historia, na siku hiyo hakuwa na makala. Rasimu yake ilikuwa imekataliwa miezi michache kabla kwa madai kwamba vyanzo havikuonyesha umaarufu wa kutosha. Mtafiti Francesca Tripodi naye alichunguza mapendekezo ya kufuta makala kati ya 2017 na 2020, akakuta kwamba wanawake waliotimiza vigezo walikuwa wakipelekwa kwenye meza ya ufutaji mara nyingi kuliko wanaume wa daraja lao. Mtu akipekua historia za kurasa hizo haoni njama yoyote. Anachokiona ni watu wa aina moja, wenye mazoea ya aina moja, wakiamua nani anajulikana.

Upande wa pili, wa wahariri wakongwe, una kumbukumbu inayotuhusu moja kwa moja. Mwishoni mwa 2009 Google iliendesha shindano la kuandika Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na zawadi zilikuwa kompyuta, simu na vitu vya namna hiyo. Makala zilimiminika. Nyingi zilikuwa tafsiri za mashine, Kiswahili ambacho bibi yako angekisoma mara mbili na bado akuulize kinasemaje. Zawadi zilipokwisha, waliobaki kuandika walikuwa wa kuhesabika, na usafishaji ukawaangukia waliokuwapo tangu mwanzo.

Hili ndilo waandaaji wa kampeni hawapendi kulisikia. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, lakini wakabidhi, yaani wasimamizi wa kujitolea wanaoilinda kila siku, ni kikundi kidogo. Watu thelathini wapya wakitupia kila mmoja makala tatu kwa mchana mmoja, kuna mtu atakaa usiku akirekebisha majina, akiondoa sentensi za kunakili, akiipanga kila makala kwenye jamii, yaani kundi la mada, iliyo sahihi na kuacha ile ilani tunayoifahamu: makala hii bado ni mbegu, yaani fupi mno, inasubiri kukuzwa. Naye anajitolea. Kwenye ripoti ya mradi hatajwi. Na ukiangalia mbegu hizo baada ya miaka mitatu, nyingi hazijaota: mwaka wa kuzaliwa, cheo, tuzo moja, basi. Mwanamke amehesabiwa, lakini hajaelezwa.

Halafu kuna suala la posho, ambalo huzungumzwa pembeni wakati wa chai. Kijana wa Dodoma au Kisumu anayeitwa kujitolea anafahamu kwamba neno hilo mara nyingi lina maana ya kufanya kazi ya mtu mwingine bure kwa matumaini ya ajira. Wikimedia Foundation hukusanya zaidi ya dola milioni 150 kwa mwaka. Kwa nini basi pengo lililotokana na wanaume wenye nafasi lizibwe na wanawake wasiolipwa, ambao nyumbani tayari wana kazi nyingine isiyolipwa? Swali hili ni zito na siungi mkono wanaolipuuza. Lakini shindano la 2009 lilikwishatuonyesha kinachotokea malipo yanapofungwa kwenye idadi ya makala: utapata idadi. Kinachostahili kulipiwa ni gharama ya kushiriki, yaani bando, nauli, mtu wa kukaa na mtoto, na kitabu ambacho hakipatikani bure. Anayeshiriki asitoe mfukoni mwake, wala asilipwe kwa kila ukurasa.

Nimetaja kitabu kwa makusudi, maana kiini cha mambo kiko hapo. Wikipedia haipokei ninachojua mimi, inapokea kilichokwisha kuchapishwa mahali pa kuaminika. Mwandishi mpya anayekuja na moyo wa kumwandika mama fulani aliyeongoza soko au kikundi cha ngoma hugonga ukuta huu saa ya kwanza. Wala si wapya peke yao. Jess Wade, mwanafizikia wa Imperial College London ambaye tangu 2018 ameandika mamia kwa mamia ya makala za wanasayansi wanawake, alimwandika Clarice Phelps, mkemia wa nyuklia wa Marekani aliyeshiriki katika ugunduzi wa elementi ya 117. Makala ilifutwa 2019 kwa hoja ya vyanzo, ikarudishwa 2020 baada ya mabishano marefu. Ikiwa hali ni hiyo kwa msomi anayejua kanuni zote na mada yenye nyaraka za maabara, mwanafunzi wa warsha ya siku moja ana silaha gani?

Ana silaha, ila hafiki mahali pa kuichukua. Kuna huduma iitwayo Maktaba ya Wikipedia inayowafungulia wahariri majarida na vitabu vya kulipia bila gharama, ikiwemo JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni. Ili uingie, akaunti yako iwe na miezi sita na uhariri usiopungua 500. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza nako, akaunti isiyotimiza siku nne na hariri kumi haiwezi kuchapisha makala mpya moja kwa moja. Kazi yake huenda kwenye foleni ya rasimu. Yaani nyenzo zenyewe zinazoweza kutatua tatizo la wanawake kukosa vyanzo zimewekwa nyuma ya mlango ambao mshiriki wa siku moja hatauona kamwe. Sisemi masharti hayo ni mabaya, kwa sababu bila hayo matangazo ya biashara yangejaa. Nasema kampeni inayoishia Jumamosi jioni imeishia nje ya mlango.

Chukueni Bibi Titi Mohamed. Aliongoza wanawake wa TANU tangu 1955, akahukumiwa kwa uhaini, akasamehewa 1972, akafariki 2000. Dar es Salaam ina barabara yenye jina lake. Jina lake haliko hatarini. Walio hatarini ni wanawake wa vikundi vya lelemama na ngoma nyingine waliozunguka nyumba kwa nyumba pamoja naye, ambao wengine walihojiwa na Susan Geiger kwa ajili ya kitabu chake cha 1997 kuhusu wanawake wa TANU. Kitabu kile kimoja, mikononi mwa mhariri aliyetulia, kinaweza kuzaa makala kadhaa zisizopatikana kwa lugha yoyote. Mikononi mwa mtu mwenye saa tatu hakizai kitu, kwa hiyo anatafsiri makala ya mbunge kutoka Kiingereza. Simlaumu.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, ana bahati ya tofauti: Shaaban Robert alimwandikia wasifu, kwa Kiswahili, ukachapishwa. Aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 ana chanzo ambacho hata mkabidhi mkali hawezi kukikataa. Waliokuwa wakiimba pembeni yake wengi hawana. Hapo hakuna idadi ya waandikaji itakayosaidia mpaka magazeti ya zamani, kanda za redio na tasnifu zilizofungiwa vyuoni zifikiwe. Kwa hiyo ningeanza kuandikisha wakutubi, walimu wastaafu na watu waliofanya kazi kwenye hifadhi za redio kabla ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hao wanajua karatasi ziko kabati gani.

Kuna jibu kali dhidi ya hoja yangu, nami nalipokea. Ukitaka wachache wanaokaa, utapata wenye muda, mshahara na intaneti ya nyumbani, yaani wanawake wa mjini waliosoma, na utawaacha wale ambao kampeni ilidai kuwafungulia. Isitoshe, hakuna anayejua mapema nani atabaki. Katika ukumbi wa watu arobaini huenda wawili wakanogewa, na njia pekee ya kuwapata wawili hao ni kuwaita arobaini. Ni kweli. Ila hoja hiyo inatetea ukumbi. Haitetei kuwaacha wale wawili bila mtu wa kumwuliza swali wiki inayofuata. Fedha ya fulana arobaini inaweza kununua bando la wawili kwa nusu mwaka, hadi wafikie zile hariri 500.

Jambo moja pande zote mbili hulipita haraka mno. Makala kuhusu mwanamke aliye hai ni ukurasa ambao mtu yeyote anaweza kuuhariri, na Kiswahili hakina walinzi wengi. Mwanasiasa anaweza kuvumilia matusi yatakayokaa siku mbili kabla ya kuonekana. Mwalimu aliyepata tuzo moja hakuyaomba. Kampeni chache humwuliza mtu kabla ya kumwandika, na kanuni haziwalazimishi, lakini angalau ziwe na mtu wa kuufuatilia ukurasa huo baada ya kuuanzisha.

Kwa nini basi utaratibu haubadiliki, ilhali waandaaji wengi wanayajua haya kuliko mimi? Kwa sababu ripoti huulizwa mapema. Mfadhili anataka kujua makala ngapi, washiriki wangapi, wanawake asilimia ngapi, na anataka majibu mradi unapofungwa. Swali la nani bado anahariri mwezi wa kumi na mbili linakuja bajeti ikiwa imekwisha na mratibu ameshapata kazi kwingine. Wafadhili wakikubali kubakiza sehemu ya mwisho ya fedha hadi mwaka utimie, nadhani matangazo ya Machi yataanza kusomeka tofauti: yatatafuta watu wachache, yatataja miezi sita, na huenda hayatataja cheti.