Dakika Tano za Kiti cha Presha

Bibi mmoja aliingia kwangu, kwenye chumba cha kupimia presha, asubuhi akiwa ametoka kushuka kwenye bodaboda. Anahema, kanga imelowa jasho begani, amevaa gauni la mikono mirefu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikamfunga mkanda wa mashine ya presha mkononi, juu ya gauni hilohilo, huku namuuliza umri wake na anakoishi, naye ananijibu. Mashine ikasoma 172/104. Nikamwambia, "Bibi, presha yako iko juu sana," na nikaona uso wake ukibadilika.

"Mwanangu," akasema, "niruhusu kwanza niende msalani. Nimebanwa tangu nyumbani."

Aliporudi nilimkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini, mkono wazi juu ya meza. Tukanyamaza kama dakika tano. Kipimo cha pili kilikuwa 138/82. Miaka imepita, lakini bado namkumbuka, kwa sababu ilibaki kidogo nimpeleke kwa daktari akaanzishiwe dawa za kumeza maisha yake yote, kisa haraka yangu.

Sisi wauguzi tunafundishwa haya yote chuoni. Mgonjwa apumzike dakika tano, awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa, asikunje nne, asiongee, mkono uwe usawa wa moyo, na mkanda umwenee. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo. Kisha pima tena, na siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Tukifika kazini, kupima presha kunageuka kazi ya kumpa mwanafunzi aliyeripoti jana. Mimi naona hapo ndipo tunapokosea. Dozi anayoandika daktari inasimama juu ya namba tuliyoandika sisi. Namba ikiwa mbovu, kila kinachofuata kinaharibika.

Najua jibu nitakalopewa: wagonjwa ni wengi, wauguzi ni wachache. Ni kweli, nami nimefanya kazi peke yangu kwenye zamu ya watu wawili. Lakini tutazame foleni yenyewe. Mgonjwa amekaa kwenye benchi saa nzima. Kisha tunamwita, anainuka, anatembea haraka asipitwe na zamu yake, na tunampima kabla hata hajatulia. Muda wa kupumzika alikuwa nao tayari, sisi ndio tuliouvuruga. Kiti cha pili ndani ya chumba, anayefuata akikaa pale kimya wakati mwenzake anapimwa, hakihitaji bajeti ya wizara.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya kupanda, karibu nusu yao hawajui, na ni takriban mmoja kati ya watano tu ambaye presha yake imedhibitiwa. Hao wasiojua tunaweza kuwatafuta. Ila wapo wanaojua, wana kadi, wameanza dawa, halafu wakaacha. Hao walipita mikononi mwetu.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi seremala, aliyekuja kila mwezi bila kukosa. Mara ya mwisho nilimpima 128/80, nikamwambia, "Hongera mzee, sasa uko vizuri." Miezi michache baadaye wanawe walimleta mkono na mguu wa kulia vimelegea, maneno hayatoki. Mkewe aliniambia kwamba aliacha dawa kwa sababu alikuwa amepona, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia. Huku kwetu watu wengi wanaamini presha huletwa na mawazo, hivyo moyo ukitulia wanaona ugonjwa umekwisha. Sikumwambia kwamba 128 ile ilikuwa kazi ya dawa, na kwamba akiiacha presha itapanda tena bila yeye kuisikia ikipanda. Sentensi moja tu.

Sasa nasema sentensi hiyo kila mara, hata kwa mgonjwa aliyekaa na presha miaka kumi. Tena nauliza kwa upole, siyo kama polisi: "Mama, dawa zimebaki ngapi nyumbani?" Ukiuliza kwa ukali utadanganywa. Ukiuliza vizuri utasikia kwamba dawa ya presha iitwayo amlodipini imemvimbisha vifundo vya miguu, au nyingine, enalaprili, imemletea kikohozi kikavu kinachomnyima usingizi, na kwamba sasa anakunywa maji ya kitunguu saumu badala yake. Dawa inaweza kubadilishwa. Ila lazima tujue kwanza. Kuhusu chumvi, "punguza chumvi" halimsaidii mtu wa pwani anayepika ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Mwambie amloweke na kumwaga maji, na kwamba kijiko kimoja cha chai kwa siku ndicho kikomo, kikijumlisha na iliyomo ndani ya samaki.

Na jamani, tusishtushwe na ndugu wanaotaka presha ya 190 ishushwe palepale. Kama mgonjwa hana maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa wala kuona giza, kuishusha ghafla kunaweza kuunyima ubongo damu. Apumzike, apimwe tena, daktari apange dawa taratibu. Zile dalili zikiwepo, hapo ni dharura, hakuna kusubiri foleni. Mjamzito naye ana mizani yake: 140/90 baada ya wiki 20, pamoja na protini kwenye mkojo au kichwa kinachouma sana, harudishwi nyumbani na panadoli.

Kwa wasimamizi wa vituo vyetu nina ombi dogo. Mtupe mikanda ya saizi mbili, mtupe kiti chenye mgongo, na siku ya kliniki ya presha msimhamishe muuguzi kila wiki. Mgonjwa akimzoea mtu mmoja, atamwambia ukweli kuhusu vile vidonge vilivyobaki kabatini.