Tohara ya Nguvu Si Mila ya Mtu

Ukitaka kujua dharau ya kikabila Kenya inakaa wapi, kaa kwa kinyozi wakati wa siasa. Hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajasema fulani hawezi kuongoza nchi kwa sababu kwao hawatahiri. Hakuna anayeuliza sera zake, wala kazi aliyowahi kufanya. Wanaosubiri zamu wanacheka, kinyozi anacheka, mashine inaendelea kunguruma kichwani mwa mteja. Hayati Raila Odinga, Mjaluo aliyekuwa kiongozi wa upinzani kwa miaka mingi, aliandamwa na maneno hayo karibu maisha yake yote ya siasa.

Mimi ni Mbukusu, wa magharibi mwa Kenya. Kwetu tohara ndiyo kila kitu: Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, yaani 2022, 2024, 2026, kijana anazunguka kwa jamaa akipiga njuga, anakwenda kwa mjomba kupewa nyama, alfajiri anapakwa matope mtoni, kisha anasimama uani kwao bila kupepesa jicho. Naipenda mila hii na wanangu wataifuata. Lakini sijawahi kuelewa kwa nini kuipenda kunanidai nimdharau Mjaluo, ambaye kwao tohara si mila. Wajaluo wa zamani waling'oa meno sita ya chini, na ambaye hajang'olewa ndiye aliyeonekana bado mtoto. Waturkana wana asapan, kijana anamchoma ng'ombe dume kwa mkuki mbele ya wazee. Kila jamii ilijitafutia njia ya kumwambia kijana kwamba sasa umekua. Ya kwetu ni mojawapo tu.

Sasa tazama kicheko cha kwa kinyozi kilitufikisha wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mwishoni mwa Januari 2008, huko Naivasha na Nakuru, magenge yaliwakamata wanaume wa Kijaluo na kuwatahiri kwa nguvu, kwa panga na vipande vya chupa. Wengine walikatwa kabisa uume. Wengine walikufa kwa kutokwa damu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliyaandika haya, yako kwenye ripoti, na bado wapo watu wanaoyasimulia kama kichekesho.

Kesi ilipofika ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwendesha mashtaka aliomba vitendo hivyo vihesabiwe kuwa ukatili wa kingono. Januari 2012 majaji walikataa, wakaviweka katika kundi la vitendo vingine vya kinyama. Sababu yao ni kwamba vilitokana na chuki ya kikabila, na lengo lilikuwa kuonyesha kwamba utamaduni wa kabila moja uko juu ya wa lingine. Nadhani walikosea, maana kitendo kinaweza kuwa yote mawili kwa wakati mmoja. Ila kuhusu chanzo walisema kweli tupu. Aliyeshika panga pale Naivasha alijiona anamrekebisha mwenzake, anamfanya awe mtu. Kesi zenyewe zilikufa baadaye, na sijui mtu hata mmoja aliyefungwa kwa kitendo hicho.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka uleule wa 2007, Kisumu, mji ulio katika nchi ya Wajaluo, ilikuwa imeushangaza ulimwengu. Vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walikubali kwa hiari kushiriki utafiti wa tohara na virusi vya Ukimwi. Matokeo yalichapishwa Februari: tohara ilipunguza maambukizi kwa wanaume kwa zaidi ya nusu. Serikali ilipoanzisha mpango wa tohara ya hiari Nyanza mwaka 2008, miezi michache tu baada ya damu ya Naivasha, wazee wa Kijaluo waliketi wakajadili, wanasiasa wao wakaulizwa, na watu wakaelezwa wazi kuwa hili ni jambo la afya, hakuna anayewabadilisha kabila. Mamia ya maelfu ya wanaume wakajitokeza kliniki wenyewe. Matusi ya miaka mingi hayakuwa yamemtahiri mtu. Kuketi na watu na kuzungumza nao kama watu wazima kulitosha.

Naomba nieleweke. Kuheshimu mila ya mwenzako si kunyamazia kila kitu kinachofanywa kwa jina la mila. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 2011, na ni sawa, na waliousemea kwa ujasiri mkubwa ni wanawake waliozaliwa ndani ya jamii hizo na kuyabeba maumivu yake.

Na sisi tusijifanye haya ni ya Naivasha tu. Msimu wa tohara ukifika magharibi mwa nchi na sehemu za Bonde la Ufa, hutokea taarifa za wanaume wa jamii zisizotahiri, wengine wenye wake na watoto, waliovamiwa na kundi, wakavuliwa nguo na kupelekwa kwa ngariba huku watu wakiimba. Nyimbo hizo ni zetu. Ninazijua. Na wazee wetu, ambao mwaka mzima wanatuhubiria heshima, siku hiyo wanasema vijana wamechangamka tu.

Katiba ya 2010, ibara ya 44, inasema hakuna mtu atakayemlazimisha mwingine kufuata mila au tambiko lolote. Kundi linalomshika mtu njiani na kumkata limevunja katiba, na linapaswa kushtakiwa kwa kumjeruhi mtu, hata kama limevaa njuga. Machifu wa Bungoma na Trans Nzoia wanajua msimu unaanza lini. Wazee wa mila wanajua ngariba wote kwa majina. Nataka waseme hadharani, kabla njuga hazijaanza kulia, kwamba ngariba atakayempokea mtu aliyeletwa kwa nguvu hatashika kisu tena katika boma lolote la Mbukusu, na kwamba jina lake litapelekwa polisi na wao wenyewe.