Kiingereza kina utata, na Kiswahili je?

Katika vyumba vya walimu huku Kisumu, wa Kiswahili hupenda kumtania wa Kiingereza kwamba lugha yake haina msimamo. Ushahidi haukosi. "The officer arrested the fisherman with the net" haisemi wavu ulikuwa wa nani: askari aliutumia kumnasa mvuvi, au mvuvi alikutwa nao? Kiswahili hakimpi mwandishi maficho hayo. Atachagua "kwa wavu" au "mwenye wavu".

Ngeli nazo zinasaidia. "Mtumbwi wa mvuvi uliokamatwa Dunga": kilichokamatwa ni mtumbwi. "Aliyekamatwa": ni mvuvi. Upatanisho umemaliza kesi bila wakili.

Lakini toa mtumbwi, weka samaki. "Samaki wa mvuvi aliyekamatwa Dunga." Nani yuko seli? Samaki hupatanishwa kama mtu, kwa hiyo ngeli imenyamaza. Hapo afadhali Kiingereza, chenye "who" na "which". Ama "Askari alimkamata mvuvi akiwa amelewa": wengi watasema mlevi ni mvuvi, ila huo ni wema wetu kwa askari, si sarufi. Ndiyo maana karatasi ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, haichoki kudai maana mbili za sentensi moja.

Wapo wasemao utata haudhuru, muktadha utaamua. Kwenye mazungumzo nakubali, kwa sababu aliyetatizika atauliza. Sheria haiulizwi. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilitaja kazi zisizodai malipo ya saa za ziada, miongoni mwake "packing for shipment or distribution", bila koma kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakashikilia kwamba kinachotajwa hapo ni kufungasha tu, nao kazi yao ni kusambaza. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilikubaliana nao, na mwaka 2018 kampuni ikaridhia kulipa dola milioni 5.

Kwetu pia si mchezo. Kifungu cha 259 cha Katiba ya 2010 kinasema matoleo ya Katiba katika lugha tofauti yakihitilafiana, la Kiingereza ndilo hushinda. Lugha inayotaniwa ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwa hiyo swali la mtihani lisiishie kwenye maana mbili. Mtahiniwa aambiwe pia aiandike upya sentensi hiyo, katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, hadi ibaki na maana moja. Alama nyingi ziwe hapo.